SRIM imenipa kina, msimamizi anauliza ioni imekaa "chumba gani" ndani ya almasi. Msaada wakuu

Kijana_Fizikia

Habari wakuu, poleni na mihangaiko. Niko masters ya fizikia mwaka wa pili, tisisi yangu inahusu kuingiza ioni, yaani atomu zenye chaji, ndani ya kaboni, nalinganisha almasi, grafiti na kaboni ya kioo, ile nyeusi inayong'aa kama chupa. Chuoni hatuna akselereta kwahiyo kazi yote naifanya kwenye laptopu kwa SRIM, ile programu ya kuigiza ioni zinavyoingia, nafyatua ioni laki moja halafu naangalia zimesimama umbali gani kutoka juu.

Juzi nimempelekea msimamizi grafu ya naitrojeni ya nishati ya keV 5 kwenye almasi, wastani wa kina unatoka kama nanomita 12 na nusu, grafu imekaa vizuri kabisa kama kilima. Kaiangalia wee, halafu akaniambia "hii inanionyesha mgeni kafika ghorofa ya ngapi, haijanionyesha kaingia chumba gani". Akasema nisirudi mpaka nielewe ioni inakaa WAPI hasa, imechukua nafasi ya kaboni, au imejibana katikati ya kaboni, au imekaa karibu na pengo, yaani nafasi tupu ya kaboni iliyong'oka.

Sasa hapo ndo nimekwama. Kwanza sielewi kwanini inajalisha sana, si ipo ndani tu? Pili hao wenye mashine wanaonaje kitu kama hicho maana atomu moja huwezi kuiona kwa macho, na tatu kama kuna namna ya kufanya hii kitu bila mashine naomba mnielekeze, nina miezi minne tu imebaki. Natanguliza shukrani.

Fundi_Atomu

Karibu sana mdogo wangu, na huyo msimamizi wako mshikilie, swali lake ni zuri kuliko tisisi nyingi nilizosoma.

Kabla ya yote nikuulize, kwenye SRIM uliweka densiti ngapi? Maana hiyo 12.5 imenishtua. Naitrojeni ya keV 5 kwenye almasi inatakiwa ikae kwenye nanomita 8 hivi. Nahisi umechagua kaboni kwenye jedwali ukaendelea bila kubadilisha kitu, na SRIM ikiona kaboni inakuwekea yenyewe 2.25, hiyo ni grafiti. Almasi ni 3.52. Gawanya utaona, 3.52 kwa 2.25 ni kama 1.56, na 12.5 ukiigawa kwa 1.56 unapata 8. Kwahiyo ulichokuwa unapima sio almasi ni grafiti iliyoandikwa jina la almasi. Na kaboni ya kioo nayo ina yake, 1.4 mpaka 1.5, ni nyepesi kwasababu ndani imejaa vitundu vilivyofungwa. Halafu angalia nishati ya kung'oa atomu, programu inakuwekea eV 28, kwa almasi watu huweka juu zaidi, kati ya 37 na 55 kutegemea unamfuata nani, hiyo haitabadilisha kina sana ila itabadilisha idadi ya mapengo unayohesabu na mapengo ndo roho ya swali lako.

Sasa kubwa zaidi. SRIM haijui kwamba almasi ni fuwele, yaani atomu zake zimejipanga kwa mistari. Kwake yeye kaboni zimemwagwa ovyo kama mchanga kwenye ndoo, ioni ikiingia inagonga hii, inagonga ile, mpaka inachoka. Kwahiyo hata ungeiuliza vipi "umekaa chumba gani" haiwezi kukujibu, kwake hakuna vyumba. Umewahi kupanda basi la Tanga ukapita mashamba ya mkonge kule Korogwe? Basi likienda unaona mkonge umejaa tu fujo fujo, mara ghafla kwa nukta moja mistari inajipanga unaona uchochoro umenyooka mpaka mwisho wa shamba, halafu unafunga tena. Almasi iko hivyohivyo. Ioni ikija sambamba na uchochoro inateleza ndani mbali sana bila kugonga mtu, ikija pembeni inagonga mapema. Ndo maana watu wanaoingiza ioni kwenye fuwele wanaegemeza sampuli digrii 7 hivi, na bado kuna zinazopotelea uchochoroni zikaenda chini kuliko SRIM ilivyosema.

Shika hiyo habari ya mkonge maana ndiyo hiyohiyo inayotumika kujua chumba. Naamini kuna watu humu wameifanya kwa mikono yao, ngoja waje.

Kijana_Fizikia

Mkuu Fundi_Atomu nimerudia sasa hivi na 3.52, imetoka nanomita 8 kasoro kidogo. Aisee miezi sita nimekaa na namba ya grafiti, nashukuru sana, nazirudia zote usiku huu. Hiyo ya mkonge nimeielewa kwa upande wa ioni inayoingia, ila sijaelewa inanisaidiaje kujua iliyokwishakaa.

Dada_Isotopu

Salaam wadau. Nimeona huu uzi nikasema leo silali bila kuandika maana hii ndo kazi yangu, nipo Leuven Ubelgiji, na kikundi chetu tunakwenda kufanya majaribio ISOLDE, mtambo wa isotopu zenye mionzi pale maabara ya CERN, Geneva.

Mdogo wangu Kijana, chukua lile shamba la mkonge la Fundi. Sasa fikiria usiku, kuna mtu kashika tochi kasimama mahali humo shambani na wewe hujui amesimama wapi. Wewe uko nje mbali, unazunguka shamba ukiangalia mwanga unatokaje. Kama kasimama ndani ya mstari wa mkonge, mwanga utakuwa na sura fulani ukiangalia kwenye usawa wa ule mstari. Kama kasimama katikati ya uchochoro utakuwa na sura nyingine kabisa. Ukishaangalia kutoka pande tatu nne unaweza kusema kasimama pale, na usikosee.

Tochi yetu ni isotopu yenye mionzi. Pale ISOLDE protoni za GeV 1.4 zinagonga kipande cha shabaha, vinazaliwa vitu vya kila aina, vinachujwa kwa uzito mpaka inabaki isotopu moja unayoitaka, halafu inafyatuliwa kwa keV 30 mpaka 60 ndani ya almasi yako. Inatulia, halafu baada ya muda inaoza na kutoa elektroni. Elektroni ina chaji hasi, viini vya kaboni vina chaji chanya, kwahiyo elektroni iliyozaliwa ndani ya mstari wa atomu inavutwa na viini inaufuata ule mstari mpaka nje, na kwenye detekta unaona doa linalong'aa katika usawa wa mstari. Iliyozaliwa uchochoroni haifanyi hivyo, inakupa doa hafifu au giza kabisa. Detekta yenyewe ni kijisahani cha silikoni chenye vijisehemu 22 kwa 22 vya kupokea elektroni, unakaa unahesabu elektroni moja moja saa nyingi sana. Halafu unalinganisha picha na hesabu za kompyuta za kila chumba kinachowezekana.

Lazima upige pande kadhaa, sisitiza hilo kwenye tisisi yako. Kwa almasi kuna usawa wa 100, wa 111, wa 110 na mingineyo, hizo namba ni majina ya pande za kuiangalia fuwele. Atomu iliyochukua nafasi ya kaboni inajificha ndani ya mstari pande zote. Atomu iliyokaa kwenye nafasi wazi yenye kaboni nne zinazoizunguka, ukiiangalia kwa 100 au 111 inajificha kwenye mstari utadhani imechukua nafasi ya kaboni, lakini geuza kwenye 110 utaikuta imesimama katikati ya uchochoro mkubwa kabisa. Na iliyokaa katikati ya kaboni mbili jirani, hiyo inajificha kwa 111, ukigeuza kwa 100 inatokeza. Mtu akikuletea kipimo cha upande mmoja akasema keshajua chumba, mrudishe.

Nikupe mfano mmoja ambao mimi binafsi naupenda kuliko yote. Bati. Mwaka 2020 timu ya ISOLDE ilichapisha kazi ya bati 121, nusu-maisha yake ni saa 27, waliiingiza kwenye almasi ya asili kwa keV 60 na dozi ndogo sana, ioni trilioni 2 kwa sentimita moja ya mraba. Trilioni 2 inasikika nyingi lakini piga hesabu, ni ioni moja kwa kila mraba wa nanomita 7 kwa 7, kwahiyo kila ioni iko peke yake haisumbuliwi na uharibifu wa mwenzake. Bati ni atomu kubwa, haienei kwenye kiti cha kaboni. Inachofanya ni kama ile abiria mwenye mzigo mkubwa kwenye daladala, haikai kiti hiki wala kile, inakaa katikati ya viti viwili vitupu. Yaani mapengo mawili ya kaboni, bati katikati yake kabisa. Watu wa nadharia walikuwa wanasema hivyo, watu wa mwanga wakawa wanakisia hivyo kwa kuangalia rangi, lakini hii ikawa mara ya kwanza kuona bati lenyewe limekaa pale. Na walihesabu, asilimia 40 hivi ya bati lote lilikuwa limeshakaa katikati ya viti viwili mara tu baada ya kuingizwa, kabla hata ya kupashwa moto.

Na umeuliza kwanini inajalisha, jibu ndo hilo. Bati likikaa pale linatoa mwanga mwekundu wa nanomita 620 hivi, mwanga msafi sana kwasababu kushoto na kulia kwake kumefanana, na watu wanautaka kwa mitambo ya kwanta. Bati hilohilo likikaa chumba kingine kwa kina kilekile halitoi mwanga huo. Kwahiyo kina ni kilekile, atomu ni ileile, matokeo mbalimbali kabisa.

Rama_wa_254

Niaje wadau, thread moto sana hii. Dada Isotopu nakuheshimu lakini si hiyo kazi yote ni ya bure kama mwanga wenyewe unakuambia? Ukiwasha leza kwenye almasi ukaona 738 unajua ni silikoni na pengo, ukiona 637 ni naitrojeni na pengo, 602 ni germani. Kila chumba kina rangi yake. Spektrometa tuko nayo hata huku, mionzi ya Geneva ya nini? Mimi ningemwambia huyu kijana atafute mahali pa kupima mwanga amalize shule.

Dada_Isotopu

Rama swali lako ni la maana sana na nafurahi umeliuliza wazi. Mwanga unakuonyesha wale wanaowaka tu. Wale walio gizani huwaoni, na walio gizani ndio wengi. Ukiingiza naitrojeni kwa nishati ndogo kama hiyo keV 5 ya Kijana, zinazoishia kuwa kituo kinachowaka ni asilimia chache tu, hizo nyingine zote ziko wapi? Leza haina la kusema. Elektroni za isotopu zinatoka kwa kila atomu, inayowaka na isiyowaka, ndo maana tukaweza kusema 40 kwa 100.

Halafu kuna kitu ambacho kwa mwanga peke yake ungekosea kabisa. Almasi ileile ya bati walipoipasha moto digrii 920, zilizoko katikati sawasawa zilibaki asilimia 30 hivi. Zilipungua. Na bado ndiyo almasi iliyowapa mwanga mzuri, mstari mwembamba wa nanomita 2.3 kwenye 621. Mtu wa mwanga anaona almasi yake inawaka vizuri anasema moto umepeleka bati kwenye viti. Hapana, viti vilishakaliwa mapema, moto kazi yake kubwa ni kuponya fujo iliyoko pembeni ili aliyekwishakaa aweze kuwaka bila bughudha. Mimi sidharau leza, tunaitumia kila siku, nasema ni maswali mawili tofauti na ukichanganya utaandika uongo bila kujua.

Rama_wa_254

Hapo kwa asilimia chache umenimaliza dada, sikuwa nimeiangalia hivyo kabisa. Asante. Na kama mtu ako na akselereta ya kawaida tu bila isotopu zenye mionzi?

Fundi_Atomu

Rama hiyo inawezekana na ni njia ya zamani, unafyatua heliamu badala ya kusubiri elektroni. Heliamu ya MeV 2 ikigonga kaboni na kurudi nyuma inarudi na nusu MeV tu, ikigonga bati inarudi na 1.75 hivi, kwahiyo unazitofautisha kwa nishati bila shida. Sasa elekeza miali sambamba na mstari wa fuwele, zile heliamu zinapita uchochoroni, kaboni hazigongwi, hesabu ya kaboni inaporomoka. Hesabu ya bati nayo ikiporomoka vilevile ujue bati limejificha kwenye mstari. Isipoporomoka ujue liko uchochoroni linapigwa.

Ubaya wake ni miwili. Unahitaji dozi kubwa zaidi ili uone kitu, na dozi kubwa inaharibu almasi unayoipima. Pili kwa atomu nyepesi haifai. Boroni ni nyepesi kuliko kaboni yenyewe, inazama kwenye kelele za kaboni huioni kabisa. Kwa boroni watu wanafyatua protoni, protoni inaungana na boroni 11, inatoka alfa (kiini cha heliamu), na alfa hiyo ndo unaihesabu huku ukigeuza fuwele. Boroni inastahili huo usumbufu wote maana ikikaa kwenye kiti cha kaboni almasi inapitisha umeme, ikijibana pembeni haifanyi kitu.

Binti_wa_Pretoria

Hamjambo. Mmezungumza almasi tu, ngoja na mimi nimtetee kaboni ya kioo kwasababu Kijana kaitaja na hakuna aliyemjibu. Mimi ni Mtanzania nasoma huku Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Pretoria kuna kazi nyingi sana za kuingiza strontiamu, sesiamu, zenoni, fedha kwenye kaboni ya kioo. Sababu ni taka za nyuklia. Hivyo vitu vinazaliwa kwenye rekta, vinatakiwa vifungiwe kwenye chombo kisichovuja kwa miaka mingi, na kaboni ya kioo haipitishi gesi, hailiwi na kemikali, inavumilia joto kali na hata ukiipasha karibu digrii 3,000 haigeuki grafiti. Kwahiyo swali la "inakaa wapi" kwetu sio la kutafuta mwanga mzuri, ni la usalama, je itabaki humo au itatembea mpaka nje?

Sasa Kijana hapa lazima ubadilishe namna ya kuuliza. Kaboni ya kioo haina fuwele. Ndani ni kama utepe wa grafiti uliosokotwa ovyo kama ukili uliotupwa kapuni kabla haujasukwa, huku na huku vitundu. Huwezi kuuliza 111 au 100, hakuna mstari wa kuangalia. Mbinu ya tochi ya dada haifanyi kazi hapa. Chumba hakipo, kuna aina ya ujirani tu, imekaa kati ya tepe mbili, imekaa kwenye kitundu, imekaa kwenye ukingo uliovunjika.

Tunachofanya sisi ni kuzungukia. Tunapima kina kabla na baada ya kupasha moto tuone kama kile kilima cha grafu kimehama au kimetanuka, na tunapima kwa Raman, yaani tunamulika leza na kuangalia mwanga unaorudi, kuona hali ya kaboni yenyewe. Kaboni ya kioo ikiwa nzima ina vilele viwili vilivyoachana, kimoja kwenye 1350 na kingine 1580. Ukishafyatua ioni nzito vinaungana vinakuwa tuta moja pana, hapo ujue umesaga kila kitu. Ukipasha moto vinaanza kuachana tena, ila havirudi kama mwanzo. Na kitu ambacho mimi kimenifundisha sana ni kwamba uharibifu ndo unaoamua ioni inatembea au inatulia. Mapengo yanaishika ioni, moto ukiyaponya yanaiachia. Ukiifyatua sampuli ikiwa ya moto, hata digrii 200 tu, uharibifu unakuwa mdogo na hadithi nzima inabadilika. Kwahiyo Kijana usiandike "inakaa wapi" bila kuandika ilifyatuliwa kwa joto gani na dozi gani, jibu halina maana.

Kwa almasi pia kuna kikomo cha hivyo, mapengo yakizidi kama 10 kwa kipeo cha 22 kwa sentimita moja ya ujazo, yaani takriban atomu moja kati ya 18 imeng'olewa, ukiipasha moto hairudi kuwa almasi, inageuka grafiti. Hiyo unaweza kuikagua kwenye SRIM yako hiyohiyo kwa kuzidisha mapengo na dozi. Fanya hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana unaweza kuwa unatafuta chumba kwenye nyumba iliyokwishabomoka.

Mdau_wa_Shinyanga

Nimesoma mpaka hapa na nimefurahi sana japo sio fani yangu. Mimi ni mtu wa Shinyanga, naomba kuuliza, almasi za Mwadui zinafaa kwa hizi kazi au mpaka zitoke maabara?

Fundi_Atomu

Mzee wangu umeuliza jambo zuri. Almasi nyingi sana za ardhini, za Mwadui na za kwingine, zina naitrojeni ndani tangu zilipozaliwa, inaweza kuwa mamia ya atomu katika kila milioni na zaidi. Ukitaka kufuatilia naitrojeni uliyoingiza mwenyewe itakuwa umetia kikombe cha maji ziwani. Ndo maana wanapenda za maabara zinazokuzwa kutoka kwenye gesi, ambazo naitrojeni yake iko chini ya atomu 5 katika bilioni. Ila kuna chache za ardhini zisizo na naitrojeni ya kutajika, hizo zinafaa, na kama unatafuta bati au kitu ambacho hakimo kabisa, ya ardhini nzuri inatosha, si mmeona ya ISOLDE ilikuwa almasi ya asili. Nikikumbuka ile ya pinki ya Mwadui ya mwaka 1947 iliyokwenda kwa Malkia Elizabeth kabla hajawa malkia, yenye karati 54 na nusu kabla ya kukatwa, mimi natamani kweli siku moja kijana wa kwetu aje apime almasi ya kwetu hivi.

Kijana, umesema grafiti pia. Grafiti ina tabaka zilizoachana nanomita 0.335, ndani ya tabaka kaboni zimekaribiana 0.142 tu. Kwahiyo mgeni ana sebule kubwa kati ya tabaka na tabaka. Haidrojeni inajaa humo na kwenye mapengo mpaka zinafika kama 4 kwa kila kaboni 10 kwenye joto la kawaida, na hilo lilikuwa tatizo kubwa kwa mitambo ya myeyungano wa nyuklia, yaani ya kuunganisha viini vya atomu, tritiamu (haidrojeni nzito yenye mionzi) inanywewa na ukuta, na mtambo wa JET kule Uingereza wakabadilisha ukuta wa kaboni wakaweka berili na tangsteni mwaka 2011.

Na kuna kaboni nyingine hujaitaja, ule mpira wa kaboni 60. Mwaka 1996 huko Berlin walifyatua naitrojeni kwenye mipira hiyo kwa nishati ndogo ndogo, na chache sana, kama moja kwa elfu kumi au pungufu, zikaingia ndani ya mpira zikakaa katikati kabisa bila kushikana na ukuta. Naitrojeni ambayo haishiki kaboni iliyo karibu yake! Walijuaje? Kwa mwangwi wa elektroni kwenye sumaku, ilionyesha mistari mitatu myembamba kama ya naitrojeni iliyo peke yake hewani. Nakuambia hiyo ili uone kila aina ya kaboni ina tochi yake, hakuna njia moja.

Kijana_Fizikia

Wakuu nimekosa la kusema. Nimesoma mara tatu na nimeandika kwenye daftari. Nimeshafanya ile ya Binti wa Pretoria, kwa dozi niliyokuwa naitumia mapengo yamezidi kikomo mara mbili, kwahiyo nashusha dozi kwanza. Swali langu la mwisho, bila mashine na kwa miezi minne, hicho chumba nitakifikiaje?

Dada_Isotopu

Kwa laptopu inawezekana, sikiliza. Pakua Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa atomu zinavyoshikana na zinakaa wapi, ni ya bure, watu wa Trieste ndo wameijenga na wana mafunzo yao ya bure pia. Tengeneza kipande cha almasi cha atomu 64. Ondoa kaboni mbili zilizo jirani, weka naitrojeni kwenye kiti kimoja, kingine acha kitupu, iache programu itafute utulivu. Naitrojeni itabaki kwenye kiti chake, pengo litabaki pengo. Sasa rudia vilevile lakini weka bati. Utaliona lenyewe linahama kutoka kwenye kiti linaelekea katikati, hatua kwa hatua, bila wewe kuligusa. Laptopu itapiga kelele usiku mzima lakini itafika. Ukishapata hiyo ongeza mpaka atomu 216 uone kama jibu linabaki lilelile, wahakiki watakuuliza hilo.

Halafu weka meza moja kwenye tisisi, kina cha SRIM upande huu, chumba cha ESPRESSO upande huu, na kipimo cha ISOLDE cha bati katikati vikutane. Kaboni ya kioo iachie sura yake peke yake kama binti alivyosema, usiilazimishe ikae meza moja na almasi.

Na kwenye hesabu za usawa anza na 111, halafu 100, halafu 110. Ukikwama kwenye faili la kuanzia liweke hapa hapa nitalisoma Jumamosi, siku za kazi niko kwenye zamu.

Kijana_Fizikia

Nimeshalipakua dada, linasoma asilimia 62 na bando langu linaisha saa sita. Bati naliweka kesho asubuhi.